Mti Ndani ya Ndoo

Mwinjilisti Yeremia Lutonja alipanda mawe ya Kirumba
saa kumi jioni, siku ya mkesha,
Biblia ameifunga kwa mpira wa baiskeli,
akakuta sebuleni kwangu tawi la mvinje
ndani ya ndoo ya rangi, mchanga wa ziwani umelishika kiuno,
na binti yangu Limi analivisha pamba za duka la dawa.

"Pamba hii ni nini?"
"Theluji," akasema Limi,
ambaye barafu anayoijua ni ile ya kufunikia sangara
pale Mwaloni.

Akafungua sura ya kumi ya jina lake mwenyewe:
mti wa mwituni, shoka, fedha, misumari.
Akasema wapagani wa kaskazini waliuinamia
jua lao lilipokaribia kufa;
akasema hata tarehe ni ya kuazima,
na nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mimi nilikuwa napaa sato. Sikuinua kichwa.

Nilimkumbuka bibi, Ng'walu,
mwaka ule wa mtama mwingi kule Magu,
alivyotupa konzi ya mavuno mapya kizingitini
kabla mtu hajaonja.
Konzi moja.
Wazee wa kanisa walihesabu punje.
Miezi tisa alikaa benchi la nyuma, bila meza ya Bwana,
kitabu cha nyimbo amekishika juu chini,
kwa kuwa hakujua kusoma na hakutaka ijulikane.

Nikauliza, kisu bado mkononi:
Baba Mwinjilisti, mpagani wa mbali
alipita mlango gani hata akaingia na taa zake,
na wa kwetu akaachwa nje na konzi yake?

Hakujibu upesi. Nami sikuwa nimemaliza.
Jumapili unayoihubiria
tumeihesabu kutoka Ijumaa ya jirani zetu wa msikitini.
Hilo Lutonja ulipewa na mvua,
kabla ya maji ya ubatizo.
Na neno hili Mungu, Mulungu kwa kinywa cha nyumbani,
bibi yake bibi aliliapia ng'ombe.
Lilibatizwa lini?
Nani alilisimamia?

Alivuta mpira, ukalia kama kofi juu ya Biblia.
"Mama Limi, ukiifuata njia hiyo utabaki mikono mitupu."
Au nitabaki na vyote, nikasema,
na hilo nalo linanitisha.

Akanywa chai. Akaomba, macho wazi,
akiutazama mti.

Usiku taa za wavuvi wa dagaa zilitapakaa ziwani,
mji mwingine kabisa, usio na kanisa.
Limi amelala na pamba nyweleni.
Nilikuwa nachambua mchele wa kesho.
Nikashika konzi moja, nikaenda kizingitini.

Sikuitupa.
Sikuirudisha.
Mchele ukaanza kupata joto.