Panya Ndani ya Mzinga

Mwezi wa tatu nilifungua mzinga ulio nyuma ya chai,
nikakuta panya. Alikufa zamani.
Nyuki walishindwa kumburuta hadi mlangoni,
basi wakamvika gundi yao, pua hadi mkia,
kahawia, ngumu, inang'aa kama kiatu cha Pasaka.
Nikanusa. Hakuna uvundo.

Nikasimama na moshi wangu, nikakuwaza wewe, Subilaga,
na lile jiwe kwenye titi la kushoto
ulilotuficha tangu tulipochimba viazi.

Nikakwangua gundi ya kwenye kuta, ya panya nikamwachia.
Nikailoweka kwenye pombe kali, wiki mbili chini ya kitanda,
kila alfajiri naitikisa
kama mganga mwenye mteja mmoja.

Mbeya, daktari Mahenge aliinusa. Hakunicheka.
“Wapo wanaoichunguza,” alisema. “Kwenye visahani vya kioo
chembe za saratani huonekana kunywea.”
Akarudisha kizibo.
“Ila dada yako si kisahani.
Dripu asiache hata moja. Na hii usimpe
kabla sijajua itagombana na dawa ipi.”

Nyuki akishakuchoma, hufa.
Yeye aliendelea na wodi inayofuata.
Nilimchukia mpaka Uyole.

Dripu ya tatu, nywele zikabaki kwenye kitenge,
mdomo ukachanika ndani,
uji wa ulezi ukawa kaa la moto.
Nesi akauliza: kwenu asali ipo?

Asali ipo!
Kumuuliza hivyo mtu wa mizinga kumi na minne!

Nikaleta ya maua ya parachichi, nyeusi, nzito kama grisi.
Kijiko kimoja. Usimeze haraka, izungushe kwenye fizi.
Siku ya nne uji ukapita.
Siku ya sita ukanigombeza kwa kuchelewa
na kudai kande. Halafu, ukitazama dirisha: “Ndaga.”

Jiwe limepungua, kasema Mahenge.
Limepungua tu. Bado lipo.
Sithubutu kuandika jina la nyuki wangu
kwenye hesabu ya dripu.
Wao walitibu kijiko cha uji,
na mimi nilikuwa nimewaagiza mlima.

Chupa ingali chini ya kitanda. Siitikisi tena.

Jana, ukungu wa Rungwe ukiwa bado umelala juu ya migomba,
nilifunua ule mzinga.
Panya yumo.
Ubavuni mwake wameanza sega jipya.