Kifungu cha Kumi na Moja

Mlima unaitwa Manaslu.
Ndugu yangu anaitwa Masalu.
Nimezipanga herufi mezani kwa punje za mahindi:
zimebadilishana viti, na N moja imedandia njiani.
Yeye anasema ni ishara.
Mimi ni mweka hazina wa kikoba, Igogo;
ishara siingizi kwenye leja.

Naandika: kibali.
Tiketi, Mwanza hadi Dar, Dar hadi Doha, Doha hadi Katmandu.
Mitungi mitano ya oksijeni, na barakoa yake.
Buti za tabaka tatu, bei ya ng'ombe wanne,
ng'ombe wa Misungwi walioshiba, si wale wa mnadani wa kuhesabika mbavu.
Bahashishi ya wapagazi.
Hapo akanishika mkono: hiyo ongeza.
Miaka minane alibeba mahema ya wageni Kilimanjaro,
anajua bahasha nyepesi inavyolemea.

Mazoezi yake ni haya.
Alfajiri, debe la mchanga mgongoni, anayapanda majabali ya Bugarika,
anapita nyumba zilizoatamia mawe,
na kina mama wenye ndoo kichwani wanampita yeye,
wanamsalimu bila kuhema.
Mchana, kiwandani, chumba cha baridi,
nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri,
maboksi ya minofu ya sangara hadi darini.
Anavaa glavu mpya, anafunga fundo la kamba, anafungua, anafunga,
mpaka vidole visahau ni vya nani.
Msimamizi anadhani anahesabu mzigo.

Jioni hupiga simu kiongozi wao, Pasang.
Saa za kwao zimetutangulia
kwa saa mbili na dakika arobaini na tano.
Nchi gani hii, nauliza, inayokata saa kwa robo kama nyama?
Anacheka. Anauliza: mnaishi kimo gani?
Mita elfu moja mia moja na kitu, juu ya bahari.
Na juu ya ziwa lenu?
Ngazi kumi na saba. Nazipanda kila siku.

Kisha ikaja fomu.
Kurasa sita. Kundi la damu, mzio, bima ya helikopta.
Nilijaza kwa kalamu ya bluu bila kuinua kichwa
hadi kifungu cha kumi na moja:
*Mpandaji akifariki juu ya kambi ya tatu, mwili*
*A, uachwe.*
*B, ushushwe kwa gharama ya familia.*
*Weka alama.*

Kwetu mtu akifia Tunduma, tunachanga.
Daftari linapita, jina kwa jina, elfu tano, elfu mbili,
gari linakodiwa usiku huohuo,
na aliyeahidi asitoe hukumbukwa hadi harusi ya mwanawe.
Sijapata kuona daftari lenye neno *uachwe*.

Nikamwambia: sangara tunamgandisha, tunampakia ndege,
anafika Ulaya amelala kwa mstari, na cheti chake.
Wewe nani atakupakia?

Akanyamaza.
Akachukua kalamu, akaweka alama kwenye A,
ndogo, ya mtu anayeona haya.
Dada, akasema, kule juu kumshusha mmoja wanahitajika sita.
Nimebeba, najua mzigo.
Na hao sita nao wana dada zao.

Sikumjibu. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Fomu inatakiwa Ijumaa.
Iko chini ya mzani wa dagaa, upepo usiipeperushe,
nafasi ya saini yangu bado nyeupe.

Usiku nilifungua ukurasa mpya wa leja,
juu sikuandika kichwa.
Mstari wa kwanza: mimi, elfu hamsini.
Asubuhi nikakuta mstari wa pili, kwa penseli,
mwandiko wa kulalia kushoto:
Masalu, elfu tano.
Itakayobaki atamalizia mwisho wa mwezi.

Mwenyewe alishatoka.
Debe halikuwepo mlangoni,
na mchanga kidogo ulikuwa umemwagika kwenye ngazi,
ngazi zote kumi na saba.