Sahani

Imevunjika vipande viwili, tena si sawa:
kimoja kikubwa, mwezi wa siku ya kumi,
kingine chembamba kama ganda la tikiti.
Ilikaa chini ya godoro tangu tuhame Keko,
na mdogo wangu Tunu anaapa si yeye aliyeikalia.
Marehemu baba aliita kila kinachozunguka na kuimba
sahani ya santuri. Hii ni diski tu.
Juu yake, kwa kalamu nene: SENDOFU YA SIKUDHANI, TEMEKE, 2006.
Sikudhani ni mimi.

Nikaifunga kwenye leso, nikaenda Kariakoo,
Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya pili,
mlango wenye karatasi: TUNARUDISHA VYOTE VILIVYOPOTEA.
Nikasema moyoni, vyote?

Fundi Lukwaro, miwani imefungwa kwa waya,
hakucheka. Wenzake walishacheka:
yule wa Buguruni alinishauri dawa ya meno,
"sugua kutoka katikati kwenda nje, usizungushe";
yule wa Mwenge alitoa gundi,
kana kwamba nimempelekea kandambili.

Lukwaro aliinua kile kikubwa kwenye taa.
"Mkwaruzo ningeusugua. Ufa mfupi wa ukingoni
ningenakili polepole kilichobaki.
Hii nikiiunga, mashine itaizungusha,
itapasukia humo ndani na kuondoka na jicho lake."
Akakigeuza upande wa wino.
"Watu hudhani maneno yako huku kunakong'aa.
Yako huku juu, chini ya maandishi haya,
kwenye utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Tazama, haujabanduka. Mama yako yumo,
kwenye vipande vyote viwili.
Kilichokatika ni njia."

Nikauliza kuhusu darubini, kuhusu ng'ambo.
"Labda wapo wa kusoma nukta moja moja.
Utauza kiwanja."
Nilimwachia elfu mbili. Akanirudishia na leso yangu.

Njia. Neno hilohilo alilisema daktari wa Muhimbili
mwaka juzi, akigonga kalamu kwenye picha ya kichwa cha mama:
maneno yamo, hayajaenda popote.
Tangu kiharusi, mama ana neno moja.
Sahani.
Chai ni sahani. Mvua, sahani.
Mjukuu akijikwaa: sahani! sahani!
Nami, bintiye wa kwanza, ni sahani,
na kwa anavyoitamka najua kama ananiita au ananigombeza.

Kwenye mkanda ule alizungumza dakika kumi na moja.
Nakumbuka kipaza sauti kilikoroma.
Nakumbuka alivyonionya kuhusu mawifi, ukumbi ukalipuka.
Kisha akasema jambo la mwisho, kwa sauti ya chini,
na hilo ndilo silikumbuki.
Nilikuwa nalia kama bibi harusi anavyotakiwa,
nikajiambia: si inarekodiwa.

Mpiga picha, Kitwana, nilimtafuta. Kahamia Lindi;
kompyuta yake ilizama kwenye mafuriko ya Jangwani.
Shangazi wa Mbagala alikuwa na nakala.
Ameitundika kwenye mchicha, ifukuze ndege.
Miaka sita ya jua: unaona uso wako hadi upande wa pili.

Nimefika Tandika magharibi, umeme umekatika.
Nikavimwaga vipande mezani mbele ya mama,
sijui kwa nini; labda kama mtu anayeonyesha deni.
Akavitazama sana.
Akakivuta kile chembamba kwa mkono wake mzima,
akakisogeza hadi kikakutana na mwenzake, ufa kwa ufa,
kama anayefunga mlango mtoto amelala.

"Sahani," akasema.

Nikaanza kuitikia kama kawaida, ndiyo mama, ndiyo,
nikakomea katikati.
Alikuwa ananitazama
kuona kama nimesikia.