Themanini

Mabondo ya sangara ndiyo yaliyolinunua:
viti viwili, redio hamna,
mikanda inanikaza kama gunia la dagaa.
Trafiki wa Buzuruga alilizunguka mara mbili:
taa zipo, bima ipo, namba ipo.
Akakosa kosa. Akaomba kupiga picha.

Tuta la Igoma nalivuka kimshazari,
bodaboda wananipita wakicheka.
Kabula anauliza, mchele wa Magu tutauweka wapi?
Sina jibu.

Ila Jumapili alfajiri, Usagara kwenda Kigongo,
miamba bado ina umande, lami tupu,
injini inaguna mgongoni mwangu.
Mwendo ni themanini, sizidishi.
Chini ya unyayo wa kulia
kuna neno
sijalitamka.