Ndani ya Pete, Nje ya Pete

(Waltham, Massachusetts, Januari 1966)

Keti hapa, Rosalba, mkabala na mimi.
Vua saa, vua bangili, na hiyo ya uchumba iweke mfukoni;
hapa pete ni zetu, na hazivaliwi.
Tazama kwa kioo: ndogo kuliko kifungo cha shati,
nyeusi, safu kwa safu, kama meno ya mamba mchanga.

Mimi nasukuma sindano, wewe unaipokea.
Wewe unairudisha, napokea mimi.
Waya huu ni mwembamba, unywele wa mtoto wa wiki mbili.
Ukipita ndani ya pete, umesema moja.
Ukipita nje, umesema sifuri.
Basi. Hakuna neno la tatu.
Usiniulize labda iko wapi. Labda haifumwi.

Wale vijana wa ghorofa ya juu, wenye tai fupi,
huandika maagizo mwezi mzima:
kasi ikizidi hapa, punguza; taa hii ikiwaka, zima ile.
Yote hayo yanashuka ngazi, na yakifika kwetu
yamebaki ndani, nje, nje, ndani, nje.
Wao wanayaita programu.
Sisi tunayaita Jumatatu.

Unauliza inafikirije?
Haifikiri, mwanangu. Inahesabu,
na kuhesabu kwake ni kuhamishana nyumba:
sifuri akimkuta moja, anamwachia kiti.
Moja akimkuta moja, kiti hakitoshi wawili;
basi anaketi sifuri, na moja anahamia mlango wa kushoto.
Akikuta mwenyeji huko, fujo ni ile ile.
Ndiyo akili yote hiyo,
ila inakwisha kabla kope haijagusa kope.

Juzi Halvorsen alinionyesha kumbukumbu ya namna nyingine,
ile inayoandikika: pete ndogo zaidi, zimetandwa kama chandarua.
Umeme ukienda huku, pete inashika moja;
ukienda kule, inashika sifuri.
Lakini, akasema, huwezi kuisoma bila kuifuta.
Kujua ina nini, unaisukuma iwe sifuri.
Ikishtuka, ilikuwa moja.
Ikinyamaza, ilikuwa sifuri tangu hapo.
Kisha upesi, kama mwizi aliyejuta,
unairudishia ulichoinyang'anya.

Nilirudi Watertown na jambo hilo tumboni kama mkate mbichi.
Maana ndivyo mama anavyokisimulia kisima cha kwao Kharpert.
Kila akikisimulia anakimimina chote, kisha anakijaza upya.
Nilipokuwa msichana kilikuwa na ngazi saba.
Sasa ni tisa.
Kaka yake, aliyekuwa akichota maji, akaja akawa ameketi ukingoni,
na Jumapili iliyopita hakuwepo.
Sikumuuliza. Siku hizi naogopa kusoma.

Hii yetu haina udhaifu huo.
Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari letu ni la shaba:
itikise, igandishe, ikatie umeme,
irushe huko juu wanakosema itakwenda,
itajibu kile kile ilichoambiwa na vidole vyetu.
Hata tukiwa tumekosea.
Hapo ndipo roho yangu inapokwenda mbio.

Oktoba, Filomena alipitisha waya nje badala ya ndani,
mmoja, kati ya maelfu, alikuwa akipiga chafya.
Mashine ya kupimia ikawaka nyekundu.
Tulifumua siku nne.
Siku nne, Rosalba, kwa sababu ya chafya.

Usiutazame mto, umeganda, hauna jipya.
Usihesabu kwa sauti.
Fremu itasogea yenyewe, itasimama,
tundu litakalokukabili ndilo.
Haya, pokea.

Ndani.
Ndani.
Nje. Vizuri. Mbona mkono unatetemeka? Pumua,
mimi siku ya kwanza nilitapika.
Ndani.
Nje.
Nje.

Hapana, mwanangu. Pale ilikuwa ndani.
Usivute! Waya bado umelegea,
bado hatujasema kitu.
Nirudishie sindano.