Chupa Moja, Macho Mia

Kuku wangu wote saba, mdondo uliwazoa,
Wa mwisho, jogoo Shaba, shingo ilijipotoa,
Nikawafukia shamba, mmoja sikuokoa,
Manyoya yakawa doa, jeupe mwangu uani.

Walilala kwenye jiko, moshi ukiwafunika,
Na jogoo juu huko, mfenesini huruka,
Maji kwenye kifuniko, ya juzi, yamechafuka,
Ngawa naye akifika, hula kama harusini.

Wakasema ni kijicho, cha jirani kimekuja.
Kati yetu ni uchocho, wa kufagia pamoja,
Mwaka wa tatu, kwa macho, twapitana bila hoja,
Kwa mche wa mboga moja, ulochakurwa bondeni.

Akaja binti wa Faki, Zuwena, kanisikia:
"Jicho mie silishiki, huo mdondo, sikia;
Ukija, hautibiki, kinga ni kutangulia.
Anza banda, nitatia, matone mwao machoni."

Nikatafuta na fito, nguzo nne nikakaza,
Sakafu iwe na pito, kinyesi kujipenyeza,
Makuti, si bati joto, kichwani nikayalaza,
Mlango nikageuza, usitazame kusini.

Akanicheka Khelefu: "Kuku wapewa ghorofa!
Sie letu ni hafifu, bati lina nyingi nyufa."
Nikamwambia: "Isifu, ada yako ilikufa,
Mwaka ule kwa maafa, kwa kulazana jikoni."

Karafuu nilochuma, kibarua Shengejuu,
Zilinipa, kwa huruma, tetea tisa nafuu,
Nikawapima kwa nyuma, macho, manyoya, miguu.
Mchuuzi: "Bibi, huu, msako wa forodhani?"

Kando nikaweka jivu, waoge, chawa watoke,
Maji, nisiwe mvivu, kila kukicha niteke,
Mgeni, hata mpevu, wiki mbili nimuweke,
Kwenye tenga, peke yake, ndipo aingie ndani.

Kaja usiku Zuwena, chupa ya chai kashika,
Si chai mle, hapana, barafu ilomeguka,
Na kichupa cha dhamana, kucha kitaharibika,
Kuku mia chatumika. Mie tisa tu bandani.

"Tisini na moja wapi?" Zuwena akauliza.
"Wako, wa Mize, ni wepi? Uchocho wawatembeza.
Ua wenu ni mfupi, mdondo utapenyeza."
Nikanyamaza na kiza, neno likawa kooni.

Nikabisha hodi kwake, natetemeka mkono,
Katoka na taa yake, macho yake ni sindano,
Nikasema: "Tuwashike, chanjo ipo, ndilo neno."
Kaguna: "Kumi na tano, wengine wapo jikoni."

Usiku kuku hutua, humshika kama embe,
Mize kope afungua, mie taa kwenye pembe,
Tone likajichagua, jicho la kila kiumbe,
Kapepesa, kama wembe, likapotea mbonini.

Nyumba sita tukapita, tengani tukahesabu,
Themanini tukapata, manyoya hadi hijabu,
Wengine walotuteta, nao wakaja karibu.
Kwa mkaa, kwa adabu, kaandika mlangoni:

"Kila miezi mitatu." Limefutika kwa mvua,
Neno, lakini li kwetu, kichwani twalitambua,
Mwaka huu jaa letu, manyoya halijajua,
Ngawa huja, hutambua, harusi i ghorofani.

Jana nimekuta yai, la kuku wangu, kwa Mize.
Kasema: "Hilo sidai, chukua, usilipoze."
Tukalila nusu. "Chai, tangawizi niongeze?"
Ya mchicha tunyamaze; upo mwingine bondeni.