Kitanda cha Kupe

Tulitandika mkeka ndani ya zizi
bila kujua kuwa ni zizi:
ukuta wa mawe uliolala, mtarakwa mmoja uliopinda,
na samadi kavu, nyepesi, kama kahawa iliyosagwa jana.
Mbele yetu Jabal Shams imepasuka
hadi kule macho yanakoogopa kufika.
Raya alimimina chai. Upepo ukainywa nusu.

Aliyepiga kelele ni Muhannad, mwanawe,
miaka kumi na moja, mzaliwa wa Maskati,
Kiswahili chake cha kusikiliza tu.
Kuna kitu kinanitembea.
Tukamgeuza. Nyuma ya sikio, pale nywele zinapoanzia,
kitu cha rangi ya kokwa ya tende, kidogo kuliko dengu.
Hakitembei tena. Kimeshafika.

Kila mtu akawa tabibu.
Shemeji akatoa kiberiti cha gesi: mchome makalio, ataachia.
Raya akataka mafuta ya nazi.
Mimi nikanyoosha simu juu, natafuta mtandao
kama mwombaji wa mvua.

Baba akaweka kikombe chini.
"Mkimchoma atatapika ndani ya damu ya mtoto.
Nipe kikoleo chako cha nyusi."
Raya akaona haya kidogo, akafungua mkoba.

Mikono ya baba, inayomwaga supu siku hizi,
ikatulia.
Akakamata karibu kabisa na ngozi,
hakuzungusha, hakuharakisha, akavuta wima
kama mtu anayemtoa mgeni mwiba.
Miguu minane ikaogelea hewani.
"Kupe," alisema.

Muhannad akalipenda. Kupe, kupe, kupe,
akalizungusha kulizunguka gari,
neno jipya, linalolia mdomoni kama peremende.
Baba akatazama bonde.

Mimi neno hilo nilikuwa nalo zamani, ila si la mdudu.
Nilipewa na hadithi ambayo baba huianza katikati
na kuiacha katikati:
mvulana wa Wete, ng'ombe watatu wa mama yake,
bingwa wa kupekua masikio,
mkebe wa mafuta ya taa mkononi,
mmoja chubwi, mwingine chubwi;
halafu asubuhi moja, darasani, ubaoni,
neno lilelile kwa chaki, herufi kubwa,
na shingo zote zimegeukia dawati lake.
Huishia hapo. Husema chai imepoa.

Mwanamke mwenye mbuzi akapita, ushungi wa zambarau,
fimbo begani. Akainama, akachungulia kikoleo,
akacheka hadi mbuzi wakasimama.
"Huyo wa kwangu," alisema kwa Kiarabu cha mlimani.
"Nyinyi ndio mmekalia kitanda chake."

Baba hakumponda. Alimtia
kwenye kichupa kitupu cha dawa ya presha,
akaandika tarehe kwenye kibandiko:
mtoto akishikwa na homa wiki mbili hizi,
tumpeleke hospitali Nizwa pamoja na mshtakiwa.

Tukahamia kwenye changarawe tupu,
soksi zimemeza ncha za suruali.
Baridi ilipotelemka tukakaguana kwa taa ya kichwani,
wanaume hema hili, wanawake lile:
kwapa, nyuma ya magoti, kiunoni, mikunjo
ambayo watu wa nyumba moja
hawatazamani tena tangu siku ya mwisho ya kuogeshana.

Zamu ya baba, alivua kofia yake.
Sijawahi kuitazama shingo hii kwa karibu.
Imekatika mistari kama ngazi za mashamba
tulizozipita mchana, zile zisizolimwa.
Chini ya sikio la kushoto, doa jeusi, limevimba.
Nikashusha taa. Nikaweka kikoleo karibu na ngozi
kama nilivyofundishwa,
sikuzungusha, nikavuta.

"Polepole," alisema baba, "hilo ni langu.
Nimezaliwa nalo."